Nimeombwa nikapige besi kwenye bendi ya zilipendwa, nimejifunzia nyumbani tu. Wiki 5 zinatosha?

Uluguru84 (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Niko Morogoro, miaka 36, kazi yangu duka la dawa, muziki ni mapenzi tu sijawahi kulipwa hata mia. Mwaka jana mwezi wa tatu nilinunua besi ya nyuzi 4 kwa mtu aliyekuwa anahama mji, laki tatu na nusu, ni kopi ya Fender Precision (aina maarufu ya gitaa la besi), haina jina la maana kichwani ila shingo imenyooka na pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) inafanya kazi. Toka hapo kila usiku nikishafunga duka napiga saa nzima, nafuata nyimbo kwenye simu. Zamani besi nilikuwa siisikii kabisa kwenye wimbo, sasa hivi nikiwa kwenye daladala redio ikiwashwa sisikii kingine, nasikia gitaa zito tu linavyotembea mpaka napitiliza kituo.

Sasa kuna jamaa anapiga ridhimu kwenye bendi ndogo, wanapiga zilipendwa na rumba kila Jumamosi kwenye baa moja yenye bustani hapa mjini. Mpiga besi wao kahamia Dodoma kikazi. Jamaa aliwahi kunisikia nyumbani kwangu, juzi kaniita anasema njoo uzibe pengo, una wiki 5, nyimbo 24. Nyingi dansi la kwetu la miaka ya 70 na 80 pamoja na rumba za Kongo. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa na toka siku hiyo usingizi sina.

Kinachonisumbua ni hivi, mimi sijawahi kupiga na mpiga dramu aliye hai, ni simu tu. Ampi (kikuza sauti) niliyonayo ni kiampi cha gitaa la kawaida cha wati 15. Natumia kidole kimoja tu cha shahada, cha kati kikiingia napoteza mwendo, na nikizidisha saa moja kidole kinatoa lengelenge. Halafu uzi wa G, ule mwembamba kabisa, unalia zzz kuanzia freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya 3 mpaka ya 5. Na kubwa kuliko yote, nyimbo 24 ntazishikaje kwa wiki 5 wakati mimi wimbo mmoja unanichukua wiki mbili?

Natanguliza shukrani, na kama mnaona niseme hapana niambieni tu.

Besi_Kinondoni

Mkuu nenda. Mimi nimepiga kanisani na kwenye harusi hapa Dar miaka 19 na nilianza hivyo hivyo, niliitwa kuziba pengo. Ukisubiri uwe tayari hutakuwa tayari, maana kitu unachokikosa kinapatikana mbele ya dramu peke yake, chumbani hakipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla hujagusa hata wimbo mmoja, mtafute huyo mpiga dramu wao. Nenda kwake na gitaa, hata kama hana dramu apige kwenye meza, kaeni saa mbili wawili tu bila solo bila muimbaji bila mtu. Chukueni mwendo mmoja wa rumba muuzungushe dakika 15 bila kuacha, usiweke urembo wowote, sikiliza dramu kubwa ya mguuni na noti yako mpaka usijue ipi imetangulia. Siku hiyo utajifunza kuliko huo mwaka mzima. Simu haiyumbi mkuu, binadamu anayumba, anapanda akifurahi na anashuka akichoka, na wewe ndiye unatakiwa upande na ushuke naye watu wasijue.

Kidole kimoja usione aibu. James Jamerson wa Motown kule Detroit alipiga karibu kila kitu kwa kidole cha shahada peke yake, na ni mmoja wa wapiga besi wakubwa waliowahi kutokea. Kwa hizi wiki 5 usibadilishe mkono, cha kati utakifundisha polepole baadaye. Lengelenge linatokana na kukwangua kwa nguvu, na unakwangua kwa nguvu kwa sababu kiampi chako hakitoi sauti. Ongeza volyumu, punguza mkono. Likitokea usilitoboe, pumzika siku mbili.

Hicho kiampi cha gitaa kwa chumbani sawa ukipiga taratibu, ila usikipeleke kwenye bendi. Spika ya gitaa la kawaida haikutengenezwa kwenda mbele na nyuma kiasi ambacho noti za chini zinataka, ukiifungulia inachanika. Hata kingekuwa cha besi wati 15 zingemezwa na dramu. Ukiwa na mpiga dramu wa kweli unaanza kuongelea wati 200 mpaka 300 hivi ndiyo usikike bila kukoroma. Ila usikimbilie kununua, waulize kwanza wanapiga kupitia nini.

Mama_Mikisa

Nakazia hapo kwa Kinondoni. Mimi ni fundi mitambo, Arusha, mwaka wa 11 sasa nakaa nyuma ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), na nakuomba kaka yangu hela ya kwanza utakayotumia isiende kwenye ampi, nunua DI boksi (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa) na kebo nzuri mbili. Bendi ndogo nyingi za baa zina mikisa na spika za kupigia nje tayari, besi unaipitisha humo humo.

Sababu yake ni hii. Besi yako hiyo ya aina ya Precision haina betri ndani, pikapu yake inatoa umeme mdogo ambao ukiuchomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida unasikika mwembamba, umefifia, kama mtu anaongea ndani ya gunia. DI inaugeuza huo umeme uweze kusafiri kwenye kebo ndefu ya maiki mpaka kwa fundi bila kuokota kelele njiani. Kwa besi isiyo na betri chukua DI inayotumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa kama mikisa yao inautoa, inabeba sauti vizuri kuliko ile isiyotumia umeme. Na ukisikia mngurumo ule wa mmmmm usio na mwisho, kuna kiswichi pembeni ya DI cha kukata ethi ya kebo, kibonyeze kabla hujaanza kugombana na mtu. Ila onyo, usije ukakata ethi kwenye plagi ya umeme wa ukutani ili kuua mngurumo. Nimeona watu wakifanya hivyo na ni hatari ya kifo, maiki inaweza kukurusha.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia nilipoanza. Uzi wako wa E, ule mnene kabisa, ukipigwa wazi unatoa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na ushei. Ndio maana utasimama mita moja mbele ya spika utaona husikiki, unaongeza, kumbe aliyekaa meza ya kona anatetemeka kifua. Kona na kuta zinajaza besi. Sasa nyie mko bustanini, hakuna kuta, besi itaondoka iende zake, utajisikia mdogo hata ukiwa sawa. Wakati wa saundi cheki mwombe mtu apige besi yako, au vaa kebo ndefu, tembea mpaka meza za nyuma ukasikilize. Usiamini sikio la jukwaani peke yake.

Na hilo sikio lilinde. Kipimo kinachotumika kwenye usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, yaani ukifika 100 una dakika 15 tu. Bendi yenye dramu kwenye jukwaa dogo inafika huko. Pamba haisaidii, tafuta vizibo vya masikio, wewe una duka la dawa nadhani unavyo kwenye rafu yako mwenyewe.

kijana_wa_solo

Mimi nina mawazo tofauti kidogo na waliotangulia, samahani. Mtu hajawahi kupiga na dramu halafu aende kubeba nyimbo 24 za zilipendwa mbele ya wazee wanaozijua noti kwa noti? Mpiga solo akikosea watu wanaona mbwembwe, besi ikikosea wimbo mzima unaanguka. Ningekuwa mimi ningewaambia nipeni nyimbo 8 tu mwezi wa kwanza, zilizobaki apige mtu wa keyboard kwa mkono wa kushoto.

Besi_Kinondoni

@kijana_wa_solo hilo la nyimbo 8 ni zuri kabisa na sikulifikiria. Mleta mada waombe hivyo.

Ochieng_KSM

Sasa mkubwa. Niko Kisumu, mimi nacheza besi wikendi tu, Jumatatu hadi Ijumaa niko na kazi ya ofisi kama wewe. Hapa kwetu ni benga, muziki wetu wa magita, na kwa benga besi haiko nyuma, inaongea na gita la solo, inakimbia, inasukuma watu, kwa hivyo hiyo hofu yako naielewa vizuri sana.

Nikusaidie na hizo nyimbo 24. Usizihesabu kama nyimbo. Kaa chini na kalamu, kila wimbo andika kodi zake (noti zinazopigwa pamoja) lakini usiandike majina ya kodi, andika kwa sofa kama ile ya kwaya, do, fa, so, la. Ukimaliza zote 24 utashangaa, utapata mizunguko labda sita au saba inajirudia rudia, nyimbo kumi zote zinazunguka kwa do fa so pekee. Basi una vitu saba vya kujifunza na si 24. Mimi nilikuwa na kitabu cha mazoezi cha kurasa 48, kila wimbo ukurasa mmoja, juu naandika kii (do iko noti gani), chini naandika muimbaji anaingia wapi, sebene (ile sehemu ya kasi ya kuchezea) inaingia kwa ishara gani na wimbo unakwisha vipi. Mwisho wa wimbo ndio watu husahau kuandika na ndio mahali unaaibika.

Na uzuri wa besi ni kwamba nyuzi zake zote zimepishana sawa. Do yako ikiwa freti ya 3 kwa uzi wa E, hiyo ni G, fa iko freti hiyo hiyo ya 3 uzi unaofuata, so iko freti ya 5 kwa huo uzi wa pili, na do ya juu iko freti ya 5 kwa uzi wa tatu. Umbo ni hilo tu. Muimbaji akija na mafua aseme leo tushushe, unasogeza mkono wote freti mbili chini na umbo halibadiliki hata kidogo. Mtu wa keyboard anateseka, wewe hapana.

Kwaya pia ni shule, kama umewahi kuimba sauti ya besi uko na kitu tayari, ile laini ya nne kwa karatasi ya sofa ni besi imeandikwa na mtu anayejua. Nimejifunza kutembea kutoka do kwenda fa kwa karatasi za kwaya kuliko video zote nimewahi kutazama.

Uluguru84 (mleta mada)

Aisee nashukuru sana wote. Ochieng umenifungua macho, nimekaa jana usiku nimeandika nyimbo 11 kwa sofa na 7 kati ya hizo mzunguko ni mmoja!! Nimeimba besi kwaya ya vijana miaka minne na sikuwahi kufikiria ile karatasi ina uhusiano na hili gitaa.

Nimewajibu bendi nimesema ndiyo, kwa nyimbo 8. Wamekubali. DI hawana, wanachomeka besi moja kwa moja kwenye mikisa, kumbe ndio maana nilikuwa nikienda pale kama mteja sisikii besi vizuri.

Bado uzi wa G unalia.

MzeeWaKontrabasi

Wanangu hamjambo. Mie niko Unguja, napiga kontrabasi, lile besi kubwa la kusimama, kwenye taarab tangu ujanani, gitaa la besi nalo nimelipiga sana taarab ilipoanza kuchukua vyombo vya umeme. Nasoma humu kimya kimya lakini huyu kijana kanigusa.

Huo uzi kwanza usikilize kupitia ampi. Kama zzz unaisikia kwa sikio tu na kwenye spika haitoki, achana nayo, piga. Kama inatoka, na ni uzi mmoja tu, usianze kukaza chuma cha ndani ya shingo, hilo kosa wanalifanya wengi. Angalia kule mwisho, kila uzi umekaa juu ya kitanda chake kidogo chenye skrubu mbili ndogo, pandisha cha G nusu duara kila skrubu, tyuni upya, jaribu. Aghlabu hapo imekwisha. Ikiwa nyuzi zote nne zinalia freti za mwanzo, ndiyo hapo bana uzi freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, tazama katikati karibu na freti ya 7 au ya 8. Panatakiwa pawepo uwazi mdogo, unene wa kadi ya jina. Hapana uwazi kabisa, shingo imenyooka kupita kiasi, legeza chuma robo duara, iache mpaka kesho, tazama tena. Mbao inataka subira, na hewa zetu za masika na kiangazi zinaichezea.

La pili, mkono wa kushoto. Besi yako kutoka daraja mpaka kichwani ni inchi 34, kama sentimita 86, freti za mwanzo zimeachana mno. Usilazimishe kila kidole freti yake kama mpiga solo, utaumia kifundo. Sie wa kontrabasi tunabana kwa kidole cha kwanza, cha pili, na cha mwisho kikisaidiwa na cha tatu, basi unafunika freti tatu tu na kwa nyingine unahamisha mkono. Ukifika freti ya 7 kwenda juu panua utakavyo.

La tatu, na hili ndilo lililonileta. Jifunze kunyamazisha. Noti ya besi ina mwanzo na ina mwisho, na watu wa dansi wanaucheza ule mwisho. Rumba haikutaki ujaze kila mahali, unapiga mbili tatu unanyamaza, ule unyamavu ndio unaoinua kisigino cha mtu. Msikilize Suleiman Mwanyiro, yule waliyemwita Computer, alivyopiga kwenye bendi za dansi za Mlimani Park na baadaye Msondo, hapigi noti nyingi hata siku moja, lakini kila noti anajua anaiachia lini. Kwa mkono wa kushoto legeza kidole bila kukitoa kwenye uzi, sauti inakatika safi. Kwa mkono wa kulia kidole gumba kilale kwenye uzi wa E unapopiga nyuzi za juu, la sivyo E inanguruma chini chini na fundi anamlaumu mtambo.

Uluguru84 (mleta mada)

Shikamoo mzee. Nimepandisha kile kitanda cha G nusu duara na kelele imekwisha kabisa, nilikuwa nimeshaulizia fundi wa Dar. Nakushukuru mno. Nimeanza na hilo la kunyamazisha na naona ni gumu kuliko kupiga.

MzeeWaKontrabasi

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ni gumu. Endelea.

Mama_Mikisa

Kaka yangu tupe mrejesho shoo ikishapita, na usisahau kufungua volyumu ya gitaa yote kisha fundi apunguze kwake, usimpe sauti ya nusu.

Uluguru84 (mleta mada)

Wakuu nimerudi, Jumamosi imepita. Naandika asubuhi hii kabla sijafungua duka.

Mpiga dramu nilikaa naye mara nne kwake kama Kinondoni alivyosema, siku ya kwanza nilitaka kuacha, kila akipiga roli mimi nakimbia. Ya tatu kuna dakika tukawa tunaenda wote mpaka akacheka, akaniambia hapo hapo usitoke. DI nimenunua ya mkononi, laki moja na ishirini. Saundi cheki nikampa jamaa wa ridhimu gitaa langu nikatembea mpaka meza za nyuma, na kweli jukwaani nilikuwa najiona sisikiki kumbe kule mwisho besi imejaa, tena tukapunguza kidogo.

Nyimbo 8 zimepita. Wa tatu muimbaji aliingia sebene mapema kabla ya ubeti wa mwisho, hakutoa ishara, mimi nikabaki kwenye mwendo wa polepole kama mizunguko miwili hivi mpaka nikaona mpiga dramu ananitazama. Nikanyamaza kabisa mzunguko mmoja halafu nikaingia kwenye do. Hakuna aliyelalamika, kuna mama mmoja aliniambia pale ulipoacha halafu ukarudi ndipo nilipoinuka kucheza. Mzee wa Unguja nilikukumbuka wewe.

Wamenilipa elfu 25 na chakula. Sijaitumia, iko ndani ya kile kitabu cha kurasa 48.

Jumamosi hii wanataka nyimbo 12. Mbili kati ya hizo mpya ziko kwenye mwendo wa sita kwa nane na mimi nikihesabu nakwama, mguu unaenda kwingine mkono kwingine. Ochieng au mzee, mguu nigonge mara mbili au mara sita? Na je, bega la kushoto kuuma baada ya saa mbili kusimama ni mkanda mwembamba au nimeuweka chini mno?